Nilimzushia Shangazi Ugonjwa Ili Ninunue Bunduki

Jamani, mimi ni mkosaji! Sitamsingizia shetani wala marafiki. Kosa ni langu, na acheni niliseme lote, labda kifua kitapungua uzito.

Mimi ni Mnubi wa Jinja, Uganda, naishi Mpumudde, nauza vipuri vya baiskeli kwenye soko la Buwenge. Sisi Wanubi ni uzao wa askari: babu yangu alikuwa askari, baba yangu askari. Mimi chombo kikali nilichowahi kushika ni bisibisi. Kwenye harusi zetu, wazee wakianza habari za kambi na gwaride, mimi natumwa kuleta soda. Mtu mzima na mvi zangu!

Siku moja rafiki akanionyesha video kwenye simu. Wanaume wenye vitambi kama changu wamelala kifudifudi kwenye nyasi, wanalenga karatasi kwa bunduki kuukuu za jeshi. Hawaui mtu, hawawindi mnyama. Wanajifurahisha tu, kisha wanakunywa chai. Nikashikwa! Sikulala vizuri tena.

Rafiki yuleyule akanielekeza kwa afande mmoja mstaafu wa magereza, kule Mbale. Alikuwa na bunduki ya namna hiyo, kuukuu ya jeshi, ya kupakia kwa mkono, na kibali chake halali. Macho yake yalikuwa yamechoka, akataka kuiuza. Nilipoishika tu, mbao yake imeng'aa kwa kushikwa na watu, nikamwona babu.

"Lakini sikiliza, bwana," akasema. "Itakaa kituo cha polisi hapa Mbale mpaka kibali chako kitoke. Huendi nayo nyumbani."

Nikasema sawa. Ningesema sawa hata kama angeniambia itakaa mbinguni.

Sasa pesa. Mke wangu, Mama Zainabu, alikuwa amenunua mabati ya jiko lake, maana paa la zamani lilikuwa limeoza. Yalikuwa yameegemea ukuta, yanangoja fundi. Niliyauza! Nikamwambia mke wangu kwamba shangazi yangu Hadija wa Mbale anaumwa figo, hali mbaya, hospitali wanataka pesa.

Mngemwona mke wangu! Hakukunja hata uso. Akasema, "Mtu ni mtu, Baba Zainabu. Mabati tutapata mengine. Mimi nitapika na mwavuli."

Na kweli akapika na mwavuli. Mkono mmoja mwiko, mkono mmoja mwavuli, mvua inampiga mgongoni. Mimi nakula.

Kila Jumamosi nikawa naenda Mbale "kumwona mgonjwa". Kituoni kulikuwa na afande anayetunza silaha, tumwite Opio, kijana mpole wa Teso. Ananitolea bunduki, anaiweka mezani, naifuta kwa kitambaa na mafuta. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa burudani yangu ya kulenga shabaha! Siku moja nilijisahau nikaiweka begani.

"Mzee, shusha!" Opio akaruka. "Huko unalenga ni ofisi ya mkubwa!"

"Kibali je, afande?"

"Kibali bado, mzee. Lakini bunduki yako iko nalala vizuri tu."

Mke wangu naye hakuniacha niondoke mikono mitupu. Supu ya kuku, mayai, uji wa mtama, vyote kwenye bakuli zake za maua, vya mgonjwa. Ningevipeleka wapi? Nikampa Opio. Kijana akaanza kunenepa. Kila wiki ananiambia, "Mwambie mama asante." Nami nikifika nyumbani nasema, "Shangazi anashukuru sana."

Msikitini akina mama wakawa wanamwombea dua. Nilikuwa naitikia amina, jamani! Tena kwa sauti.

Halafu Ijumaa moja Mama Zainabu akanitangazia kwamba yeye na wenzake watano wamekodi gari. Kesho wanakwenda kumjulia hali mgonjwa. Nilitoka nje nikampigia shangazi.

"Shangazi, nakuomba uugue."

"Niugue nini?"

"Figo."

Shangazi Hadija anauza maharage sokoni, gunia analibeba mwenyewe. Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akanitukana matusi ya kambini, kisha akasema, "Kwa sababu ya mke wako, asiaibike mbele ya wenzake, nitalala. Lakini ni siku moja!"

Na kesho yake alilala kweli, nyumbani kwake! Kitambaa kichwani, macho juu, anaguna kama mlango. Akina mama wakasoma dua, mke wangu akamkanda miguu huku machozi yanamtoka. Mimi nimesimama pembeni natamani ardhi inimeze.

Mara hodi mlangoni. Opio, na sare zake! Alipoona nimechelewa siku hiyo aliingiwa na wasiwasi, akafuata anwani ya shangazi, maana nilikuwa nimemwandika kwenye maombi yangu kama ndugu wa karibu. Mkononi ana bakuli za maua, zimeoshwa safi.

"Mzee, pole kwa kusumbua. Nimerudisha vyombo vya mama. Na habari nzuri, kibali kimetoka!"

Mke wangu akazitazama zile bakuli. Akamtazama Opio, tumbo lile.

"Kibali cha nini, afande?"

"Cha bunduki, mama."

Shangazi akaketi, akavua kitambaa kichwani. "Haya. Mimi nimepona."

Mama Zainabu hakupiga kelele. Ningependa angepiga! Aliomba aione. Tukaenda kituoni sote, akina mama watano nyuma yetu. Opio akaiweka mezani. Mke wangu akaitazama kwa muda mrefu.

"Hii ndiyo figo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Ungeniomba ningekucheka wiki nzima. Halafu ningekuambia tununue mabati kwanza, bunduki baadaye. Ningekuruhusu, Baba Zainabu." Akatoka nje.

Uwanja aliokuwa akilengea shabaha yule mstaafu, nao nikaambiwa sasa una mabanda ya kuku. Sikupiga hata risasi moja! Bunduki nimeisalimisha serikalini, bure. Mabati nayarudisha moja moja kila nikipata.

Lakini jambo lisilorudi ni hili. Majuzi kaka yangu wa Budondo aliugua kweli, nikamwambia mke wangu. Hakusema pole. Alivaa viatu, akapanda boda, akaenda kumwona kwa macho yake. Aliporudi jioni ndipo akasema, "Ni kweli anaumwa," akatandika mkeka, akaanza kumwombea.

Ndugu yangu unayesoma, kama roho yako inataka kitu cha kijinga, kitaje nyumbani kwa jina lake. Sema, "Mama fulani, nataka bunduki." Atakucheka. Mwache acheke! Mimi leo ningetoa chochote nichekwe wiki nzima.