Wasifu Niliouandika Mara Tatu

Kuna watu husema kinachomtisha mwandishi ni karatasi tupu. Mimi karatasi tupu haijawahi kunitisha. Iliyonitisha ni ile niliyoijaza.

Shule niliacha darasa la sita. Nilichotoka nacho ni mwandiko mzuri, na kwetu huku mwandiko mzuri ni kazi. Mtu akifa unaitwa na kalamu yako uandike wasifu wa marehemu, ule unaosomwa mbele ya waombolezaji kabla sanduku halijateremshwa. Alizaliwa wapi, ameacha nani, amekufaje. Nimeandika mingi sana. Mmoja tu ndio ulionishinda.

Ulikuwa wa mtoto wa baba yangu mdogo. Tulichimba dhahabu pamoja kwenye machimbo ya Macalder miaka kumi na moja. Ukichimba chini unaacha nguzo, yaani mwamba unaouacha umesimama katikati ili ushike dari. Kila mchimbaji anaijua ile nguzo na kuitamani, kwa sababu dhahabu yake haijaguswa. Wiki ile mawe yalikuwa makavu, hayana dhahabu. Mwenye shimo akatuma msimamizi atuambie tupunguze nguzo. Msimamizi hakuteremka, hakuwa mjinga. Aliinama pale mdomoni mwa shimo akapiga kelele: "Punguzeni kidogo tu, omera, ndugu zangu! Mbona mnaogopa kama bibi harusi?"

Dari ilishuka kabla ya saa sita mchana. Mimi nilitolewa jioni hiyo, mguu umevunjika mahali pawili. Yeye alitolewa siku ya tatu.

Wasifu wa kwanza niliuandika nikiwa nimelala chali. Niliweka mwenye shimo, nikaweka msimamizi na yale maneno yake. Mkubwa wa boma letu, kaka wa baba, akausoma akiwa amesimama. Nje fahali alikuwa amefungwa akingoja kuchinjwa. Fahali aliletwa na mwenye shimo. Sanduku pia.

"Sasa wewe," akaniambia, "utakula nyama ya mtu huku unamtukana?"

"Simtukani, baba. Naeleza."

"Eleza kwamba Mungu alimwita akiwa kazini. Inatosha. Vijana wetu bado wanalihitaji hilo shimo."

Nikaandika wa pili, kama alivyotaka. Ukasomwa. Mwenye shimo aliketi mstari wa mbele na miwani yake myeusi, akitikisa kichwa kama mfiwa. Nyama nilikula, nisiwadanganye.

Matanga hayajaisha, mwenye shimo akaanza kutembeza maneno kwamba marehemu alikuwa na tamaa, kwamba alikata nguzo kwa siri. Watu wakaamini. Watoto wake wakaanza kuitwa shuleni watoto wa mwizi wa nguzo. Hapo ndipo nilipoamua kuandika kitabu, jambo lote, watoto wale wajue baba yao alikufaje.

Mguu ulikuwa umenikataza shimo. Nilihamia kwa dada yangu, huko Rodi Kopany, siku za soko namsaidia kuuza mahindi, siku nyingine naandika. Nilijaza madaftari manne. Msimamizi akasikia, akanipigia simu. "Nasikia siku hizi wewe ni mwandishi. Sawa. Anza kuandika na wasifu wako." Nilificha madaftari ndani ya gunia la maharagwe na sikushika kalamu miezi mitano. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya nyumba ilikuwa ya kwake.

Nilipoyatoa, niliyapeleka kwa mwenye duka la kuchapa vitabu, Homa Bay. Alisoma ukurasa mmoja. "Mzee, Kiswahili hiki umekichimba wapi? Hata nukta hujui inakaa wapi." Wafanyakazi wake wakacheka. Watu huniuliza nilijitia moyo vipi siku hiyo. Sikujitia. Nilikasirika, na hasira ilinisukuma mbali kuliko moyo ungeweza.

Ilinisukuma mpaka kwa mwalimu mmoja mstaafu, mama wa hapo hapo mjini, ambaye husahihisha miswada na kuipeleka kwa wachapishaji. Alikaa na madaftari mwezi mzima. Nilipokwenda aliniwekea chai kwanza.

"Baba, mwenye shimo nimemwona. Msimamizi nimemwona. Hata mzee na fahali nimewaona. Mlikuwa wangapi chini?"

"Wawili, mwalimu."

"Nyundo ilikuwa mkononi mwa nani?"

Nikamwambia anirudishie vitu vyangu.

"Chukua. Lakini kikiwa hivi sikipeleki popote."

Nilimchukia msimu mzima wa mvua. Kukataliwa na mjinga kunauma siku mbili tatu. Yeye alinikataa akiwa na haki, na hiyo haikupoa.

Kwa sababu marehemu alikataa kuipunguza nguzo. Aliweka kiganja kwenye ile nguzo akasema, "Imeanza kulia. Tuiache." Na mimi, nikiwa bado nasikia lile neno la bibi harusi, nikamwambia, "Nipe nyundo." Niligonga mara tano, pengine sita.

Niliandika hivyo, wasifu wa tatu. Sikuupeleka kwa mwalimu kwanza. Nilirudi Macalder kwa mjane wa marehemu. Alikuwa amekaa nje akichambua omena, dagaa wa ziwani.

"Shemeji, kuna kitu nimekuja kukusomea."

"Soma. Masikio hayana kazi."

Mikono yake iliendelea na omena mpaka nilipofika kwenye nyundo. Ikasimama.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Alisema muiache?"

"Alisema."

"Miaka yote hii wanangu wanatukanwa. Ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

"Na unakuja hapa kila Krismasi na sukari."

Alirudia kuchambua omena, akasema bila kuniangalia: "Peleka kikachapwe. Usibadilishe hata neno moja. Na boma hili, lisahau."

Sikupitia nyumbani. Nilijijua, ningelala na daftari hilo na asubuhi ningebadilisha maneno. Nilipitiliza moja kwa moja mpaka Homa Bay nikamkabidhi mwalimu daftari mkononi. Krismasi zimepita mbili sasa. Boma lile sijakanyaga.