Zamu ya Binti Yangu

Mjukuu wangu anaandika programu za kompyuta. Ninamwambia hivyo kila mtu hapa Kondele, hata mwenye boda ambaye ameniuliza tu ninashukia wapi. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kulipwa kwa kukaa kitako akifikiri. Yeye analipwa.

Mwaka jana alikuja kumzika mama yake, binti yangu wa pekee, na baada ya mazishi hakurudi Nairobi. Alisema kazi yake anaifanya popote penye mtandao. Nilijua ananichunga. Sikumwambia nenda, sikumwambia kaa. Watu walikuja nyumbani wakalia, nikawaangalia wakilia. Asubuhi niliamka, nikaparua samaki, nikauza, nikala nilichowekewa. Chakula kilikuwa kama kutafuna gunia. Jirani mmoja alisema mimi nina moyo wa jiwe. Nilimsikia vizuri. Haikuniuma, wala sikushangaa kwamba haikuniuma.

Sisi ni kikundi cha akina mama wauza samaki. Tuna pikapu moja ya kukodi inayokwenda Port Victoria kuchukua samaki kwenye maboti. Hatuwezi kuingia wote, kwa hivyo tunakwenda kwa zamu. Mwenye zamu anabeba mabeseni ya wenzake, anachagua samaki, mbuta na ngege, anasimamia barafu, anarudi. Beseni lake ndilo linajazwa kwanza, na wale wa kwanza ndio wazuri. Zamu ni kitu kikubwa. Kuna wanawake wazima waliovuana vitambaa vya kichwa kwa sababu ya zamu.

Zamu zote zilikuwa kichwani mwa mwenyekiti wetu, na hicho kichwa kimechoka. Akamwomba mjukuu wangu atutengenezee kitu cha kwenye simu. Tukakubaliana hivi: siku simu itakapoanza kuita zamu, neno lake ni la mwisho. Asiyeitwa, hana zamu.

Binti yangu alikuwa na zamu. Ilifuata yangu.

Mjukuu wangu hakuanza na kompyuta. Alikuja sokoni, akageuza ndoo, akaikalia. Akina mama wakamcheka.

"Msomi, utanuka omena. Nani atakuoa?"

"Nitaolewa na mvuvi, mama, atakuwa amezoea."

Alikuwa anauliza. Hiki mnakiitaje? Kwa nini fungu, si kilo? Nani anaruhusiwa kusema gari liondoke? Nikamuuliza kwa nini anatusumbua hivyo, si aandike tu. Akasema, akiniita bibi kwa lugha yetu, "Dani, programu nyingi huharibika kwa sababu anayeandika ana maneno yake na wenye kazi wana yao. Mimi nataka maneno yenu ndiyo yaingie ndani kabisa. Mkisema zamu, ndani kuwe na zamu. Siku mkibadilisha kazi, nijue pa kugusa."

Nyumbani alichora kwa chaki kwenye mlango wa jiko langu. Huku pwani ya ziwa, samaki ni kilo kwenye mizani na mwenyewe ni boti. Huku sokoni, samaki ni fungu na mwenyewe ni mama fulani. Akasema wengine wangewalazimisha wawe kitu kimoja, halafu wagombane nacho mpaka mwisho. Yeye anawaacha kila mmoja na sheria zake, na katikati anaweka kitu cha kuwavusha, ambacho ni pikapu.

"Hilo ni boma," nikamwambia. "Kila mke na nyumba yake na jiko lake. Ukitaka chumvi ya mke mwenza unapitia mlangoni, huingizi mkono dirishani."

Akaniangalia. Nilikuwa sijasema maneno mengi hivyo tangu mazishi. Akachora milango.

Aliuliza kila kitu. Mtu akijifungua? Akienda mkutano wa injili? Akikosana na dereva? Kila jibu likaingia. Lakini kuna swali moja hakuuliza, na hakuna aliyemkumbusha. Nani angemwambia mtoto ambaye bado kichwa kimenyolewa kwa msiba, na je, mama yako? Walinyamaza kwa heshima. Mimi nilikuwa pale na kisu mkononi, naparua. Nililiona lile shimo. Nikaendelea kuparua.

Kwetu mwanamke wa kikundi akifa, zamu yake haichukuliwi. Ikifika, mwenyekiti anamwita jina vilevile, na mtu wa nyumba yake anajibu. Anaweza kusema tumeachia. Anaweza kutaja atakayeishika. Au anasema bado. Akisema bado, mwenzake anamwendea Port Victoria, na beseni la marehemu linajazwa kwanza, linapelekwa nyumbani kwake. Hata ikae bado miaka, hakuna anayeharakisha. Mara ya kwanza zamu ya binti yangu ilipofika, mwenyekiti aliita, mimi nikaangalia miguu yangu, na akina mama wakajibu kwa niaba yangu: bado. Mjukuu wangu hakuwepo. Alikuwa amelala nyumbani, amegeukia ukuta.

Siku ya kuanza, alisimama kando ya pikapu, akainua simu, ikaanza kusoma zamu za mwezi kwa sauti ya mwanamke asiye na kwao. Ikaita wa kwanza. Ikaita wengine. Ikaniita mimi. Halafu ikamwita yule anayepeleka omena soko la Awasi.

Huyo hakuitika. Dereva akazima redio.

"Hiyo simu yako imeruka mtu," mwenyekiti akasema.

"Sijaruka, mama. Nimehesabu wote walio hai."

"Nani amekuuliza walio hai? Sisi tunaita zamu."

Mama wa Awasi akajifunga leso. "Mimi siingii. Mnataka nipande juu ya zamu ya marehemu? Mtanipeleka nyinyi hospitali miguu ikivimba?"

Mjukuu wangu aliangalia simu kama imemgeuka. "Lakini mama alikufa," akasema. Alisema polepole, kama anayefahamisha watu ambao hawakuwa na habari.

"Alikufa, ndiyo, tulimzika na wewe," mwenyekiti akasema. "Haya, tuulize kama unavyotuulizaga. Tuulize hilo."

Akashusha simu. Akauliza. "Mtu akifa, zamu yake inakuwa ya nani?"

Wakamweleza wote pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake, mpaka akaelewa kwamba kuna mtu wa kujibu. Ndipo wote wakanigeukia. Mara hii mwenyekiti hakuwaacha wanijibie. Aliita jina la binti yangu, lote, lile la kanisani na lile la nyumbani. Kama ningenyamaza, zamu yake ingepotea: simu ilikuwa imeshasema, na tuliapa wenyewe kwamba neno lake ni la mwisho.

Nilitafuta mahali pa kusikia uchungu, sikupata. Nilipata ulimi tu.

"Bado," nikasema.

"Sasa andika," mwenyekiti akamwambia mtoto.

Akakaa juu ya ndoo yake, akafungua kompyuta magotini. Aliuliza tena maswali yake. Nani anaruhusiwa kusema bado? Ni mtu yeyote wa nyumba? Kuna kikomo? Hakuna, wakasema. Usiweke kikomo. Gari lilichelewa, dereva akalalamika, akaambiwa anyamaze. Mwishowe simu ikasoma upya. Ikaniita mimi, kisha ikamwita binti yangu, ikasema: bado. Mama wa Awasi alipoitwa akaitika kwa nguvu.

Zamu ya binti yangu ilipofika, mama wa Awasi ndiye aliyemwendea. Jioni beseni la binti yangu likaletwa mlangoni, la bluu, lina ngege wanene juu ya barafu. Mjukuu wangu akasema atapika yeye. Alipika akiwa ameupa mgongo ule mlango wenye chaki.

Nikamega ugali, nikachovya, nikatia mdomoni.

"Chumvi," nikasema. "Umeharibu samaki wa watu."

Akaonja, akakunja uso. "Kweli, Dani. Mama pia alikuwa anazidisha."

"Alikuwa anazidisha sana."

Tukala hivyo hivyo, tukinywa maji.