Sahani ya Mama Iliyokwenda Ulaya

Mdomo wangu hauna breki, ndiyo maana niliajiriwa kwenye duka la vyombo vya kauri, mtaa wa Al Sadd, Doha. Kuuza seti ya chai kwa bei zile kunataka maneno. Historia ya kiwanda kinachovitengeneza niliijua kama Alhamdu: familia moja huko Ulaya, babu akaanza na tanuri moja nyuma ya nyumba, wakarithi watoto, wakarithi wajukuu, na mpaka leo kila chombo kina ndege mdogo wa buluu chini yake. Wateja hupenda kusikia kwamba kitu kina wenyewe.

Siku moja binti wa yule babu akaja Doha kuliangalia duka. Mama mtu mzima, mvi tupu, anashika kikombe utadhani kitoto kichanga. Bosi akataka nimhadithie mteja historia ya kiwanda mbele yake. Nikahadithia kwa mbwembwe zote. Yule mama akacheka, akasema nimeruka pabaya: tanuri liliwahi kushika moto, likaunguza chumba cha michoro na vyombo vya mfano. Ua la kwanza alilochora baba yake, jekundu lenye majani yaliyopinda, hawakubaki nalo hata kipande. Alikuwa amelitafuta miaka. Alitaka kulitengeneza tena angali hai.

Ua hilo nimekua nalo. Limo kabatini kwetu Unguja, kwenye sahani pekee iliyobaki katika seti aliyoolewa nayo bibi, na ndege wake chini. Nikamwambia pale pale, hata sikuvuta pumzi. Yule mama akakaa kwenye kiti cha wateja, akanishika mkono, akaniuliza kama nina hakika. Wallahi nilitamani niruke.

Kazi ikawa kumkubalisha mama yangu. "Una wazimu wewe," akaniambia kwenye simu. "Sahani hata nyinyi wanangu sijapata kuwalishia, leo iende Ulaya?" Nikabembeleza weee, mpaka akalegea. "Haya. Lakini namwazima, simpi. Na mwambie kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu."

Nikamwambia mama, huyo si jirani, ni mwenye kiwanda. Akasema nimwambie tu. Nikamwambia yule mama wa kiwanda, nikijichekesha kwa haya.

Binamu yangu, dereva anayekaa Al Thumama, huku huku Doha, alikuwa anarudi kutoka likizo Unguja. Aliipakata ile sahani safari nzima ya ndege, imefungwa kanga, hata chakula akakataa asije akaiweka chini. Yule mama alipoifungua dukani alilia bila kujificha. Nami nikalia. Bosi akajitia anapanga vikombe.

Akaondoka nayo, kisha kimya. Kila nikipiga simu nyumbani, salamu ya kwanza ni "Sahani yangu?" Nikaanza kuogopa hata kwenda likizo, maana nitaingiaje ndani ya nyumba ile mikono mitupu?

Boksi kutoka Ulaya lilipofika dukani nililifungua pale pale. Sahani ya mama, nzima, haina hata mkwaruzo. Pembeni yake sahani nyingine mpya, ua lile lile, na kopo la biskuti. Nikampigia yule mama kumshukuru. Akasema biskuti kazioka mwenyewe, za kupakuliwa kwenye ile mpya, na hiyo mpya ndiyo ya kwanza kutoka tanurini, zawadi ya mama yangu. Siku hiyo niliruka kweli, katikati ya duka, wateja wakanitazama.

Nikazipeleka Unguja mwenyewe. Mama aliigeuza sahani yake, akamwona ndege, akairudisha kabatini. Biskuti akazipanga kwenye ile mpya, tukala. Akasema tamu, ila wamebania sukari. Zilipokwisha akaiosha sahani, akaikausha, akaiweka mezani jikoni.

Nikamwambia iende kabatini, hiyo kapewa.

"Nimepewa nini? Chombo kimekuja na chakula. Chombo cha watu hicho." Akashusha unga, akatafuta karai la visheti. "Hebu mpigie jirani yangu. Muulize iliki anakula?"