Modemu mu Chumba ya Mukwe

Majina niko nayo yote mu kichwa. Muntu akipita hapa mu mutaa wetu wa Bel-Air mara moja tu, akanitajia jina ya mama yake, nitamukumbusha hata kisha miaka mingi. Lakini humu sitaandika jina hata moja, kwa sababu bantu ninaotaka kusema ningali nakula bukari yabo, na mukubwa wabo njo mwenye nyumba.

Nyumba ni ya binti yangu na bwana yake. Mimi nilikuya kukaa kwabo kisha bwana yangu kufa. Balinipa chumba ya nyuma, karibu na stoo, na sikulalamika. Mukwe wangu ni muntu wa kuvaa vizuri, viatu vyake unaweza kujitazama humo. Bantu ba hapa banamusifu. Mimi nilimusifu pia, mbele ya ile mwaka.

Ile mwaka vita ilichukua Goma. Habari ilikuwa inaingia mu nyumba kama maji chafu inapita chini ya mulango: uwanja wa ndege umefungwa, banki zimefungwa, bantu banakimbia na godoro ku kichwa, kisha hata pa kukimbilia hakuna. Huku kwetu Lubumbashi hakukulia risasi, lakini macho ya bantu ilibadilika. Mu soko, muntu akifungua kinywa na Kiswahili ya Kivu, banageuka kumutazama kama ameiba kintu.

Mu kati ya hiyo mambo mujukulu wangu akafika. Ni mutoto wa kijana wangu mukubwa, mwenye alienda Goma na makamio, zile lori za mizigo, akaoa kule mwanamuke Munande, akafia kule. Musichana alizunguka Uganda, akazunguka Tanzania na Zambia, akaingia ku mupaka wa Kasumbalesa juu ya kamio ya unga. Mama yake na badogo balibakia Goma. Simu balimunyanganya ku njia, ku barière ya benye bunduki. Kitu alichokuya nacho ilikuwa mashini yake, ile ordinateur ya kukunja, amefunga ndani ya kikwembe ya mama yake na kuibeba mu mugongo kama mutoto.

Alikuwa anamalizia kusoma udaktari. Ilibakia kitu kimoja: kusimama mbele ya baprofesa na kutetea kazi aliyoandika, juu ya bamama benye kutoka damu kisha kuzaa. Masomo yabo kule ilikuwa imefungwa, baprofesa bamekimbia, mumoja iko Kampala, mwingine Kinshasa, mwingine Butembo. Balipatana kukutana ndani ya mashini, siku ya Alhamisi asubuhi, kila mumoja ku kwake. Mwanafunzi asiyeonekana, mwaka wake umeungua. Na nani alijua kama mwaka mwingine kutakuwa chuo?

"Nkambo," aliniambia, "sina lingine. Rezo tu."

Na rezo ya enternete ilikuwako! Mukwe wangu alipandisha masahani ya jua ku paa, akapanga batri mu stoo, kuran ya umeme ya jiji ikienda sisi hatujui. Modemu ilikaa mu salo juu ya televizyo, na taa zake za buluu. Simu yake inakunywa humo, mashini mbili za batoto, televizyo, hata jicho ile alitia ku mulango wa nje kwa kutazama baibaji. Kuongeza mashini moja ya yatima, itapunguza nini?

Siku ya pili mutoto akamupigia magoti vizuri, jinsi alivyofunzwa.

"Tonton, naomba kode ya wifi, niingize mashini yangu."

"Ah, mutoto wangu! Rezo iko na shida siku hizi. Inaenda, inarudi. Tutaangalia."

Ku mukono wake simu ilikuwa inaonyesha mupira, bantu banapiga makelele ya bao. Hakuona hata haya ya kupunguza sauti.

Kesho yake modemu haikuwa tena mu salo. Aliibeba ku chumba yake ya kulala, akaigongea misumari ku ukuta, juu ya kitanda. Kwa bibi yake, binti yangu, alisema ni sababu ya baibaji. Mimi nilielewa.

Kwetu, mama mukwe haingie mu chumba ya mukwe wake mwanaume. Hakai naye ku meza. Mukikutana mu koridoro, mumoja anageuza uso ku ukuta. Ukiwa na neno ya kumwambia, linapita mu kinywa ya binti yako. Ni heshima, niliishika miaka yote na niliipenda. Yeye akaigeuza kuwa kufuli. Chumba ile haikufungwa na ufunguo, ilifungwa na bukwe, ile heshima ya bakwe. Na mutoto naye, musichana mukubwa, aingie mu chumba ya bwana ya binti yangu, tantine yake? Hata kama ni dakika, bantu banamumaliza na midomo. Yule bwana alikuwa amefikiri vizuri sana.

Nilimuendea binti yangu ku jiko. Alikuwa anachagua majiwe mu muchele.

"Muletee mutoto kode."

"Mama, usinitafutie shida mu ndoa yangu."

"Shida gani? Ni mutoto wa kaka yako."

"Anasema mashini za kule zinaweza kuleta bintu."

"Bintu gani?"

"Virusi. Na macho ya bantu. Anasema hatujui mutoto alipita wapi, na nani."

"Alipita mu tumbo ya bibi ya kaka yako, njo njia alipita!"

Aliendelea kuchagua majiwe. Niliona aibu, kwa sababu yule si mukwe, yule nilimuzaa mimi.

Siku ya mungu mu kanisa, mukwe wangu alisimama na kuomba kwa ajili ya bandugu zetu ba Mashariki. Aliomba kwa nguvu. Alilia, akatoa mu mufuko muswali mweupe, akapangusa macho, bamama banaitika "amina" na kutikisa kichwa. Mujukulu wangu alikuwa pembeni yangu, ku benchi ile ile. Nilitazama ule muswali na nikasikia kama nimemeza nzi.

Mutoto alijaribu kwingine. Alienda ku siber, ile nyumba ya kulipia enternete, kupima, kuran ikakatika mu kati. Tantine yake, kwa uwoga, alimukopesha rezo ya simu yake mangaribi moja bwana akiwa nje. Uso wa profesa ukagandana mudomo wazi, kama samaki ku soko, na sauti inafika kisha, vipande vipande. Profesa akamwambia wazi: tafuta rezo nzuri, binti, hii hatutaweza kuipokea.

Alhamisi ikafika. Mukwe alienda kazini, pale karibu, ku njia ya pili. Mutoto alivaa blouse nyeupe niliyomupigia pasi, akaweka mashini juu ya kameza mu koridoro, karibu na mulango ya ile chumba. Hakuingia. Alikaa tu hapo ku kiti na mikono mu mapaja. Mashini ilikuwa inamuomba kode.

"Nkambo, inasema ama kode, ama muntu afinye kabuton kenye kuwa ku mugongo ya modemu. Akifinya, mashini inaingia bila kode."

"Kufinya tu?"

"Kufinya tu."

Binti yangu alikuwa ku mulango wa jiko na mwiko mukononi. Nilimutazama. Akageuza macho.

Basi nikavua masandali yangu na nikaingia mu chumba ya mukwe wangu.

Harufu ilinipiga kwanza. Madirisha imefungwa, parfum juu ya jasho, na kintu kingine chini yake, kama nyama ya juzi. Modemu ilikuwa juu. Ilibidi nipande ku kitanda yake, mimi mukongo, muzee, na magoti yangu ilivyo. Nikaishika na mikono mbili nikitaka kuing'oa nimupelekee, kwa sababu mu mawazo yangu ilikuwa sawa na mbabula: unabeba pamoja na moto wake, unapeleka kwa mwenye kupika.

"Nkambo usiing'oe! Ukiing'oa inakufa!"

"Sasa kabuton iko wapi?"

"Ku mugongo! Kadogo! Si ile nyekundu!"

Nikapapasa. Mugongo ya modemu ilikuwa na vumbi ya mafuta, inashika vidole. Nikafinya. Taa moja ikaanza kupepesa. Ku koridoro kimya. Nikawaza nimeiua. Kisha nikasikia sauti ya muzee mumoja inatoka mu mashini, safi kabisa, kama iko hapo mulangoni: "Bonjour, mademoiselle, tunakuona."

Nikateremuka, nikakaa ku pembe ya kitanda, na kisigino changu ikagonga kintu chini. Nikainama. Sahani. Sahani na mifupa ya kuku, na nyingine chini yake, na mikebe ya sardini, na mukate umeota ndevu za kijani. Mu nyumba yake sisi tulikuwa tunakula tusamaki twa kapenta na majani ya lengalenga, batoto wake pamoja, na yeye ku meza yake anasukuma sahani, namusikia toka jiko anasema tumbo linamusumbua, maisha imekuwa nguvu, tuvumilie. Akamaliza kusema vile akaingia humu kutafuna kuku peke yake, juu ya mashuka, na kusukuma mifupa chini kama mbwa. Inzi zilikuwa zinatembea juu yake.

Nikasikiliza baprofesa banajitaja mumoja mumoja, na nilipoinuka kutoka, lango ikalia. Gari yake. Kumbe ile modemu ni kasengenyi: mashini mupya ikiingia, inamwambia ku simu yake kule kazini. Nikasikia viatu vyake vinakuya haraka mu koridoro. Mutoto alikuwa ameanza kusema juu ya damu na bamama, kwa Kifaransa.

Nikakaa tena.

Viatu vikasimama. Alikuwa ameona miguu yangu wazi ndani ya chumba, ku kitanda yake. Bukwe iko na pande mbili: kama mimi siwezi kuingia yeye akiwa ndani, yeye naye hawezi kuingia mimi nikiwa ndani. Hawezi hata kunitazama. Akageuza uso ku ukuta, pale penye koridoro inakunja, na akaanza kusema na bibi yake kwa sauti ya kunong'ona yenye hasira.

"Mwambie mama yako atoke mu chumba yangu!"

Binti yangu akakuya karibu na mulango, amelegea. "Mama, anasema utoke."

"Mwambie bwana yako miguu inaniuma."

"Anasema miguu inamuuma."

"Ni aibu! Mwambie ni aibu, na atalipa kuku ya kuvunja bukwe!"

"Mama, anasema utalipa kuku ya..."

"Mwambie kuku alishamukula. Mifupa yake iko hapa chini."

Binti yangu hakupeleka hiyo neno. Alisimama. "Mifupa gani?" aliniuliza mimi, polepole.

Nikasukuma sahani na muguu mupaka ku kizingiti. Akazitazama. Nilimuona anazitazama muda mrefu, mifupa, mikebe, ule mukate. Mutoto alikuwa pale pembeni yake na macho ku mashini, haoni kintu, anajibu profesa wa Kinshasa.

"Nenda ukate kuran ku batri," bwana akasema. "Unanisikia? Kata!"

"Kuku ya lini hii?"

"Nimesema kata!"

"Ile siku mutoto wetu mudogo alilala na homa, ukasema hakuna ya kumununulia hata supu? Njo hii?"

Bwana akaelekea yeye mwenyewe ku stoo. Binti yangu akamutangulia, akaweka mugongo ku mulango wa stoo, mwiko bado mukononi. Sikuona, nilisikia tu. Yeye ambaye hakuweza kuomba kode, sasa alikuwa anauliza juu ya kuku, na ya sardini, na ya mukate, moja kwa moja, bila kupandisha sauti, na yule bwana anajibu. Alikuwa analazimishwa kujibu! Ilikuwa ni ya dawa. Ilikuwa ni ya rafiki. Docta alimwambia ale peke yake. Kila jibu ilikuwa chafu kupita ile ya mbele. Na mu koridoro, mutoto wa kijana wangu anaeleza namna ya kufinya tumbo ya mama mpaka damu isimame.

Sikufurahi vile mungewaza. Binti yangu hakusimama kwa ajili ya mutoto wa kaka yake. Alisimama kwa ajili ya kuku. Ninaandika ilivyokuwa.

Kisha baprofesa balijitenga kusema bo kwa bo, na yule muzee akarudi. "Daktari," alimuita. Hakusema mademoiselle tena. Nilisikia kiti inaanguka. Nikatoka mu ile chumba, mutoto akanirukia shingoni, na mbavu zake zilikuwa zinaruka kama za ndege.

Ungesema mukwe wangu angetoweka mu nyumba hata mupaka jioni. Hapana. Alikuya salo amebadilisha shati. Alileta soda. Alisema "daktari wetu!" kwa sauti ya kusikika ku bajirani, akamushika mutoto bega, akanyoosha simu yake mbele yabo na kujipiga picha naye, mashini wazi nyuma yabo. Mbele ya soda kuisha, ilikuwa tayari ku status yake, kila muntu wa kanisa anaona: binti yetu wa Mashariki, tuliyemupokea, tuliyemusaidia kufika. Simu ikaanza kulia pongezi. Akawa anazisoma kwa sauti.

Na mutoto alicheka ndani ya picha. Njo kitu ilinichoma kupita sahani zote. Alicheka vizuri, na meno yote, kichwa kimeinama kidogo upande wa bega ya tonton.

Nilimungojea ku jiko. "Ile cheko ni ya nini? Kwa yule?"

Alikuwa anasukula gilasi za soda mu beseni ya maji. Hakukasirika.

"Nkambo," akasema, "ya leo ni ndogo. Ungeona nilivyobachekea bale benye bunduki ku barière."