Mwasumini Ulikuwa Umelala

Juzi nilirudi Raskazone kuomba maua. Binti yangu anaolewa Ijumaa, na nilitaka avae kikuba cha asumini za mti wa bibi yangu, kama nilivyovaa mimi, na mama kabla yangu. Nyumba iliuzwa bibi alipofariki, lakini niliambiwa mwasumini bado upo.

Sasa mtaa ule, ndugu yangu, haupitiki haraka. Miti ya mikungu imekutana juu ya barabara, na upepo wa bahari ukipita chini yake hata jua la mchana hulisikii. Pale utotoni tuliokota kungu, tukazitafuna mpaka midomo ikawa myekundu, kisha tukaponda kokwa kwenye kizingiti cha jirani. Jirani alitutukana kwa Kidigo huku akingoja fungu lake. Jikoni bibi alikuwa akisonga bada la muhogo, nasi tulisikia harufu ya samaki wa kukaanga tangu kona ya barabara.

Kazi yangu ilikuwa kuchuma asumini alasiri, zikiwa bado vitumba, maana maharusi wote wa mtaa walivishwa kutoka kwetu. Bibi hakupokea chochote. "Ua haliuzwi, laombwa," akisema. Lakini adhana ya magharibi ikishaita, hata aje nani, alikataa. "Mti ushalala. Hauamshwi."

Basi juzi nilisimama kwenye kila kivuli. Miti ni ileile, ila nyumba zimejificha nyuma ya kuta ndefu na hakuna mtoto barabarani. Nilidhani nitalia. Nilikuwa na ganzi tu, kama mkono uliolaliwa.

Nafika getini, adhana ya magharibi inaita.

Mlinzi, mtu wa makamo, alinifungulia, nikamwomba asumini. "Karibu dada. Chuma utakazo. Kesho asubuhi mafundi wanaung'oa mti, pachimbwe shimo la maji."

Mwasumini ulikuwa umeegemea ukuta, umechanua, unanukia uani kote. Basi langu la kurudi Dar lilikuwa la alfajiri. Nilinyoosha mkono, nikaurudisha.

"Vipi tena?" mlinzi akauliza.

"Umelala."

Alicheka. Aliponitazama usoni akaacha, akanisindikiza hadi nje. Nilirudi kwa njia ileile ya mikungu, kizani, na bado sikulia.

Ijumaa binti yangu atavaa ua la kununua.