Meno Meupe ya Binti Yangu

Nimezaliwa Meatu, upande wa Kimali, na nilikua nikinywa maji ya kisima kimoja na watoto wenzangu wote. Meno yetu yakaota na madoa ya kahawia. Kijijini hakuna aliyeshangaa. Nilipohamia Bariadi ndipo nikajifunza kucheka huku nimeziba mdomo kwa mkono.

Mwaka mmoja nilikwenda kumsalimia mama, nikamkuta afisa wa maji akiwaeleza watu kwamba kisima chetu kina floraidi nyingi mno, na ndiyo inayoharibu rangi ya meno. Neno hilo nikalishika kama jina la adui. Nilipojaliwa binti, nikaapa: huyu atacheka mdomo wazi. Nilimnywesha maji ya mvua tuliyokinga kwenye tangi. Dukani nilisoma kila boksi la dawa ya meno. Likiwa limeandikwa floraidi, nalirudisha. Mwenye duka alinichoka. Binti akapiga mswaki kwa chumvi, na meno yakaota meupe pe. Nilitamba nayo mtaa mzima, sisemi uongo.

Alipofika miaka tisa, shavu likavimba. Hospitalini, daktari wa meno, mwanamke wa makamo, alinisalimu Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, kisha akammulika binti mdomoni. Gego la chini lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi.

"Anatumia dawa gani ya meno?"

Nikamweleza habari ya kisima na ya chumvi, bado nina majivuno kidogo. Akaniomba na mimi nifungue mdomo. Nilisita, nikafungua.

"Unaona, mayu? Madoa unayo, tundu huna hata moja. Floraidi ya kisimani ilizidi, ndiyo maana ikachafua. Ya kwenye dawa ni kidogo, inalinda jino. Mtoto anaweka kiasi cha punje ya mbaazi, anapiga mswaki, anatema. Wewe umemnyima kabisa."

Nilimkasirikia yeye kwanza, halafu nikajikasirikia mwenyewe. Gego likang'olewa siku hiyo hiyo.

Tukirudi nyumbani kwa miguu, binti alitoa pamba mdomoni akauliza kama litaota jingine. Nikamwambia hapana, lile lilikuwa jino la ukubwani. Tulipokaribia nyumbani akasimama akanitazama mdomoni.

"Basi ungenipa moja lako, mama. Yako hayaozi."