Uvimbe wa Mke Wangu Niliuweka kwenye Friza ya Bucha

Kosa ni langu, na sitaki mtu anitafutie kisingizio. Nimeshajitafutia vya kutosha mwenyewe. Nimelaumu Pasaka, nimelaumu hospitali, nimemlaumu hata jamaa wa maabara ambaye alikuwa anafanya kazi yake. Nimezunguka na hiyo lawama nikitafuta wa kumbebesha, na kila mara narudi nayo nyumbani.

Jina langu liacheni. Mke wangu nitamwita Mama Sharoni, na mimi niiteni Baba Sharoni, ingawa hatuna mtoto wa jina hilo. Nina bucha huku mtaa wa Lucky Summer. Yeye anauza mapazia ya mitumba soko la Gikomba. Sisi ni watu wa kutoka magharibi mwa nchi, tuna watoto watatu, Jumapili tuko kanisani. Ni watu wa kawaida tu, kama wewe unayesoma.

Nimekata nyama miaka kumi na saba. Hilo ndilo lililoniponza. Mtu akishika kisu miaka hiyo yote anaanza kudhani hakuna nyama asiyoijua.

Mama Sharoni alipata uvimbe kwenye titi la kushoto. Ulianza kama punje ya mahindi, ukafika ukubwa wa ndimu. Haukuwa unauma. Aliogopa kukatwa, maana mtaani kwetu kila mtu ana shangazi ambaye uvimbe wake uliguswa na kisu "ukakasirika", ukasambaa mwili mzima. Mimi ndiye niliyemsukuma aende. Hilo nalitaja kwa sababu ndilo jambo jema pekee nililofanya katika habari hii yote, na naomba msininyime.

Alikatwa Alhamisi ya kuamkia Ijumaa Kuu, asubuhi. Daktari aliyemkata ni mama mmoja mpole, wa rika letu. Alitoka akiwa na kopo dogo la plastiki lenye kifuniko cheupe, na fomu. Hospitali ile haikuwa inapima nyama ya mgonjwa. Unapewa kopo lako, unalibeba mwenyewe mpaka maabara iliyoko tauni, katikati ya jiji. Waliopitia wanajua, ndivyo inavyofanywa kwingi.

"Baba, uvimbe nimeutoa wote," akaniambia. "Kwa macho inakaa sawa, lakini kansa haionekani kwa macho. Lazima hii nyama ikatwe nyembamba sana, iangaliwe na mashine. Ipeleke leo. Si kesho, leo. Na hii maji usimwage. Ni dawa, ndio inazuia isioze."

"Sawa, daktari." Nilisema sawa hata kabla hajamaliza.

Sasa, Alhamisi ya kabla ya Pasaka ni siku gani kwa mtu wa bucha? Ni siku ambayo hata mteja anayekula mboga ya sukuma mwaka mzima anakuja kuuliza kilo mbili. Simu ilikuwa inalia tangu alfajiri. Nikamwacha Mama Sharoni wodini na dadake, nikaona nipitie dukani kwanza, nipange oda, kisha niende tauni. Saa moja tu, nilijiambia.

Nilikuta foleni imefika nje. Nikaweka kopo chini ya meza, nikavaa koti, nikaanza kukata. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni. Maabara ilikuwa imefungwa, na ilikuwa ifunguliwe Jumanne.

Hapo ndipo ujuzi wangu ulipoanza kuongea.

Nililifungua kopo. Harufu ya yale maji ilinipiga machoni mpaka nikatoa machozi. Nikawaza, nyama ikae siku tano ndani ya maji, si itaoza? Nani asiyejua kwamba nyama inawekwa kwenye baridi? Halafu harufu hii ikiingia kwenye nyama ya wateja, nitamwambia nani nini? Daktari alikuwa amenikataza kumwaga. Nilimsikia vizuri kabisa. Nilidhani tu kwamba kwa mambo ya nyama, namshinda.

Nikamwaga yale maji kwenye mfereji. Nikauosha ule uvimbe kwa maji ya bomba.

Kabla ya kuufunga nilifanya jambo lingine, na hata kuliandika mkono unasita. Nilichukua kisu kidogo, kile cha kutolea mafuta, nikaupasua katikati ili nione.

Nilitarajia mafuta tu, na mafuta hukatika laini, kisu hakisikii kitu. Nimeona pia vivimbe vingi kwenye ng'ombe, na vingi huwa na mfuko wake, unavitoa vizima. Huu haukuwa na mfuko. Ndani ulikuwa mweupe, mgumu, umejishikilia pande zote, na kisu kilikwaruza kama kinapita kwenye mchanga. Nilisikia kwa vidole. Sikujua ni nini, lakini mkono wangu ulijua kwamba hayo si mafuta.

Nikaufunga kwenye karatasi, nikauweka kwenye friza chini ya matumbo, nikafunga duka.

Nyumbani nilikuta Mama Sharoni ameruhusiwa, dadake amemleta, amelala kwa ubavu, kifua kimefungwa bandeji.

"Ulipeleka ile kitu?" akaniuliza.

"Usijali, iko mahali salama."

Jumanne nikaupeleka. Nilikuwa nimeurudisha kwenye kopo lake, ukiwa umeshayeyuka, na fomu nimeikunja vizuri. Kijana wa pale dirishani alifungua, akanusa, akaniangalia.

"Mzee, fomalini iko wapi?"

"Gani?"

"Hii maji ulipewa nayo. Iko wapi?"

Nikamweleza. Nilieleza kwa kujiamini, kama ninayemfundisha kazi. Akaita mkubwa wake, mwanamume wa miwani, naye akaugeuza ule uvimbe kwa koleo.

"Umegandisha, ukayeyusha, na mtu ameshakata," akasema. "Nani amekata?"

Nikajifanya naikunjua fomu.

"Baba, nyama ikiganda hivi vile viseli vinapasuka. Tukiweka kwa mashine hatutaona kitu cha kuaminika. Na hii ni ya mtu, si ya ng'ombe. Sitaandika majibu ya kubahatisha. Rudi kwa daktari leo, umwambie imeharibika. Anaweza kutoa ingine pale pale karibu na kidonda. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Tutupe hii ama utabeba?"

"Tupeni."

Nilitoka pale nimekasirika! Na si kujikasirikia. Nilimkasirikia yule mwenye miwani kwa kunisema mbele ya kijana. Nikajiuliza, hawa watu wanampaje mtu wa kawaida kazi nyeti hivyo, halafu wanakimbilia kumlaumu? Mpaka leo naona kuna ukweli kidogo katika swali hilo. Lakini nililitumia kujifichia, na hospitali nilikoambiwa nirudi sikurudi.

Nilijiambia nitaenda kesho. Kesho ikawa wiki. Kila nilipofikiria kumwambia Mama Sharoni kwamba arudi kukatwa tena, na sababu ni mimi, ulimi ulikuwa mzito. Alikuwa bado hawezi kuinua mkono kuchana nywele.

Wiki mbili zilipoisha aliniuliza akiwa anakunja mapazia.

"Baba Sharoni, majibu hayajatoka?"

"Yalitoka."

"Yakasemaje?"

"Mafuta tu."

Aliketi juu ya mapazia yake akalia. Alilia kwa furaha, akanishika mkono, akasema asante kwa kuhangaika. Akauliza karatasi iko wapi, nikasema iko kwenye faili ya daktari. Nyuzi akatolewa kwenye kliniki ya hapa mtaani, kwa hiyo kule hatukurudi.

Hapo bado ningeweza kujirekebisha. Lakini Jumapili iliyofuata alivaa ile suti yake ya buluu, akasimama mbele ya kanisa na sadaka ya shukrani. Akashuhudia kwamba madaktari wametoa uvimbe, wameupima, na hawakupata ugonjwa. Kina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji akaniita nisimame kando yake. Nikasimama. Wimbo ulipoanzishwa nikaimba, tena sauti ya chini, maana mimi ni wa kwaya.

Baada ya hapo nilishindwa. Ningeanzia wapi? Ningemvua nguo mke wangu mbele ya kanisa zima, na mimi nivuliwe naye.

Miezi minane ikapita. Akaanza kulalamika mgongo. Akasema ni kubeba mabunda ya mapazia Gikomba, nami nikakubali haraka haraka kwamba ni mabunda. Nikamnunulia dawa ya kuchua. Kisha siku moja akanyanyua mkono, akachukua vidole vyangu, akaviweka kwapani.

"Sikia hapa."

Kulikuwa na vitu viwili vigumu, kama maharagwe makavu chini ya ngozi. Nilipovibonyeza havikusogea.

Tulirudi kwa yule daktari mama. Alimpima polepole, kisha akafungua faili, akageuza karatasi, akageuza tena.

"Majibu ya ile nyama yako wapi?"

Mama Sharoni akanigeukia. "Si ulisema iko kwa faili?"

Na mimi, mtu mzima, mwenye ndevu za mvi, nikasema, "Labda ilipotea hapa kwenu."

Daktari hakubishana nami. Alichukua simu akapigia maabara, akawatajia jina na mwezi. Akangoja. Tulingoja wote watatu kwenye kile chumba kidogo, na mimi ndiye peke yangu niliyejua kitakachosemwa. Alipoweka simu aliongea akimwangalia mke wangu, si mimi.

"Wanasema ilifika ikiwa imegandishwa. Haikupimwa. Wanasema baba aliambiwa arudi hapa siku hiyo."

Nikasema yote. Friza, kisu, mfereji, yote. Nilisema nikiangalia sakafu. Nilipomaliza Mama Sharoni hakuwa amelia wala kunitukana, na mimi nilikuwa naomba anitukane.

"Kumbe hakuna mtu alipima," akasema. Basi.

Walimtoa nyama nyingine kwa sindano nene, pale kwapani. Safari hii daktari alimpa nesi apeleke. Majibu yalitoka: kansa ya titi, na imeshaingia kwenye tezi za kwapani. Picha ya mgongo ikaonyesha imefika kwenye mfupa. Mabunda hayakuwa na kosa.

Nilimuuliza daktari kwenye korido, nikitumaini ataniambia kwamba hata hivyo ingekuwa vile vile. Nilitaka uongo mmoja tu, mimi niliyetoa mingi.

"Siwezi kujua kama wakati huo ilikuwa imetembea," akasema. "Lakini uvimbe wenyewe haukuwa mkubwa sana, na kwapani nilipima, hakukuwa na kitu. Tungejua ni kansa, tungerudi ndani tutoe nyama ya kando yake na tezi za kwapani, tumpe dawa mapema. Tungekuwa tunapigania kuiondoa. Sasa imefika kwa mfupa. Tutaipunguza mwendo, lakini kuiondoa yote kwa kisu, hapana."

Sasa yuko kwenye dawa. Nywele zimeisha, kucha zimekuwa nyeusi. Kibanda cha Gikomba kinashikiliwa na dadake. Nyumbani tunaongea, tunaulizana kama watoto wamekula, kama maji yamekuja. Siku za kliniki anabeba faili yake mwenyewe, na mimi nabaki nje kwenye benchi. Sijaambiwa nibaki. Aliingia akafunga mlango mara ya kwanza, na mara ya pili nikajua mahali pangu.

Jambo moja ndilo lililonifanya niandike. Mwezi uliopita aliomba nafasi kanisani. Akasimama amejifunga kitambaa kichwani, ameshika kiti, akasema ule ushuhuda wa mwaka jana anaufuta.

"Nilisema nilipimwa, na sikuwa nimepimwa," akasema. "Kama kuna mama alinisikia akakaa nyumbani na uvimbe wake, tafadhali kesho aende. Na asikubali kuambiwa kwa mdomo. Aone karatasi."

Hakunitaja. Watu walidhani hospitali ndiyo iliyokosea, wakaja kunishika mkono, wakaniambia pole, baba, hawa madaktari wetu ni shida tu. Nikapokea pole zao moja baada ya nyingine. Jameni, hata hapo sikufungua mdomo!

Njiani nikamwambia, "Mama Sharoni, ungewaambia ni mimi."

"Hiyo ni yako ya kusema," akajibu. "Mimi nilisema yangu." Kisha akasema kile ambacho sasa nalala nacho. "Kuharibu ile nyama, ningekusamehe siku hiyo hiyo. Hukujua. Ungekuja tu ukaniambia, mama, nimeiharibu, inabidi urudi. Ningelia, halafu ningepanda kitanda wanikate tena. Kwani mwili ulikuwa wako?"

Kwa hiyo wewe uliyepewa kopo, lipeleke kabla hujapita popote. Usipite dukani, usipite nyumbani, usilifungue, usimwage, usiweke kwenye baridi. Hata kama kazi yako inakuambia unajua. Mimi yangu iliniambia, na mkono wangu ukaniambia kinyume, na nikachagua kusikiliza ile iliyonifaa.

Wewe uliyekatwa, usimtume mtu ukamwachia kila kitu. Hata kama ni mume. Chukua namba ya maabara, piga mwenyewe, na ukiambiwa ni mafuta omba usomewe ilipoandikwa. Anayekupenda hatakasirika.

Na kama kopo limeshaharibika mikononi mwako, iwe ni jana au ni mwezi uliopita, nenda ukaseme leo. Utaona aibu, na mtu atakukemea mbele ya watu, na itabidi umwambie mgonjwa wako kwamba atarudi chini ya kisu kwa ajili yako. Mwambie tu. Mke wangu alikuwa tayari kukatwa mara ya pili. Hakuna aliyemuuliza.